Meza ya Nne Inavuja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo, na daftari hili nimepewa leo. Shangazi kalitoa kwenye droo ya ofisi, akalifuta vumbi kwa kiganja, akasema, "Hayo maneno yako yote, mwanangu, anza kuyamwaga humu. Masikio yangu yamechoka." Basi nayamwaga. Atakayelisoma ajue mapema kwamba anasoma mkono wa msimamizi wa mstari anayekuja, kijana wa kuangaliwa mara mbili, ambaye shule ilimwacha mapema kwa sababu haikumweza.

Kazi yenyewe ni hii. Shangazi, dada yake baba, ndiye msimamizi wa uwanja wa kulenga shabaha. Tuna banda la mabati lenye mstari wa meza sita, kila meza mlengaji mmoja na bunduki yake. Mbele ya meza kuna nyasi, mbele ya nyasi kuna karatasi za shabaha, na nyuma yake tuta kubwa la udongo la kumeza risasi. Karatasi zinabandikwa na kijana wa rika langu ambaye sote tunamwita Karatasi, jina analolistahili kwa kazi na kwa wembamba. Mimi wananiita Redio. Sijui kwa nini.

Walengaji wakimaliza risasi zao tano tano wanalaza bunduki mezani, komeo, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, likiwa wazi, na kurudi nyuma. Hapo mimi napita meza kwa meza na kutia kidole cha mwisho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, kuhakikisha pako tupu, maana risasi isiyofyatuka huweza kunata ndani hata komeo likiwa wazi. Nikimaliza, Shangazi anapiga filimbi, bendera nyekundu inashuka, ya kijani inapanda, na Karatasi anakwenda mbele kuhesabu matundu.

Filimbi hiyo ndiyo ninayoitaka. Mvua zikikatika, Shangazi anahamia darasani kufundisha wageni wa bunduki, na mstari utatafuta mwenyewe. Mwenyewe ni mimi, ila bado hawajatangaza.

Kichekesho kimoja. Filimbi hailali kwa Shangazi. Inalala kwa Karatasi. Kila asubuhi yeye ndiye anayemvisha Shangazi shingoni, na Shangazi anainamisha kichwa kama bibi harusi. Nimeuliza sababu. Shangazi akasema, "Utaijua." Majibu ya watu wazima hayo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Vidole. Mama amenifukuza mezani, eti mkono wangu unanuka mafuta ya bunduki hadi kwenye wali.

Alhamisi, 6 Machi

Bati la juu ya meza ya nne limetoboka. Maji yanadondoka pale pale penye bunduki, na ya nne ndiyo meza ya Mwalimu, anayefundisha hesabu na hakosi kuja. Bunduki yake ni mali yake mwenyewe, anaifuta kwa leso kama mtoto aliyetoka kuoga. Tone la kwanza lilipoigonga aliruka kuliko alivyoruka siku aliyotangazwa bingwa.

"Kijana, hili paa."

"Mwalimu, hesabu ya paa si somo langu."

Akacheka kidogo. Nikamletea ndoo. Ndoo inapokea tone moja, meza inapokea mawili.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la leo limenichekesha hadi mbavu zikaniuma. Shangazi kanisimamisha nyuma ya kiti alichokalia Karatasi, akaniambia mlengaji huyu kafanya kosa, nimzuie. Nikamdaka mkono, fasta, kama polisi. Shangazi akanipiga kibao cha kisogo.

"Mkono unashikwa na nani?"

"Na mimi, Shangazi."

"Ukimshika mkono anashtuka. Akishtuka, kidole kinakunja. Kikikunja umemfyatulia wewe. Bega. Kiganja chote, juu ya bega, kwa uzito, kama unamkalisha mgeni. Na mdomo ufunge."

"Mdomo pia?"

"Hasa mdomo. Watu wameziba masikio, wewe unamhutubia nani?"

Tumefanya zoezi hilo asubuhi nzima, Karatasi akiwa mlengaji. Kila nikimwekea kiganja begani anasema, "Karibu mgeni," na mimi nacheka, na tunaanza upya.

Jumatano, 12 Machi

Nimegundua kipaji. Nikiwa nimesimama nyuma ya mstari naweza kuhesabu milio yote. Meza sita, risasi tano tano, thelathini. Leo nimehesabu thelathini, kisha nikapita na kidole, na kila chemba tupu. Sikukosea hata mlio mmoja, na nilikuwa nimeziba masikio. Watu wengine wamepewa sauti ya kuimba, mimi nimepewa hiki.

Ijumaa, 14 Machi

Thelathini tena. Tupu tena.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Karatasi juu ya kipaji. Alikuwa anakoroga gundi kwenye kopo.

"Kwa hiyo ukishahesabu, vidole vya nini?" nikamuuliza.

"Vya Shangazi."

"Shangazi ni konokono. Watu wanasubiri kwenye baridi mimi nikichokonoa vyuma ambavyo najua havina kitu."

"Redio," akasema, akiendelea kukoroga, "wewe endelea kuchokonoa."

Wivu. Mtu mwembamba hana pa kuficha wivu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa. Nimepita meza zote sita kwa kuinama tu. Kutoka alipo Shangazi, mgongo wangu ukiinama ni sawa na kidole kikiingia. Thelathini nilikuwa nayo kichwani. Kazi imekwenda upesi hadi daktari wa meno wa meza ya kwanza akanipigia makofi. Shangazi ameniambia nimeanza kuwa mwepesi. Nimekubali sifa.

Jumamosi, 29 Machi

Mwepesi tena. Walengaji wananipenda. Mwalimu ananiita "kijana wetu".

Ijumaa, 4 Aprili

Habari kubwa. Jumamosi ijayo Shangazi ana wageni darasani, na mstari ni wangu. Filimbi na bendera, vyote viwili. Ni majaribio, kasema, lakini nimemwona usoni, ameshaamua. Nimemwambia Mama leo jioni. Akasema, "Msimamizi, sawa. Kaoshe mikono."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimerudi nyumbani, sijala. Naandika yote kama yalivyokwenda, kwa mpangilio, maana nikiyaacha kichwani yananizunguka.

Asubuhi Karatasi kanivisha filimbi. Niliinama, nikasema, "Nimekubali kuolewa," akasema, "Mahari ni kurudi kwangu mzima." Nikacheka. Mvua ilikuwa inapiga mabati kama watu wanamwaga kokoto. Shangazi alikuwa darasani, ng'ambo ya maegesho.

Raundi mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Nilihesabu, niliinama, nilipiga filimbi. Raundi ya tatu radi zilianza. Nilihesabu nikafika thelathini, wote wakalaza bunduki. Mwalimu akaniita kwa mkono, akaonyesha tone linavyoingia kwenye komeo lililo wazi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye mwanawe ananyeshewa.

Nikamsogelea sikioni. "Funga tu, Mwalimu. Nimeshahesabu."

Akafunga komeo, akarudi nyuma kwenye benchi. Nikapiga filimbi, kijani kikapanda, watu wakavua viziba masikio, na Karatasi akaenda zake kwenye mvua na koti lake la plastiki.

Akifika kwenye shabaha huwa anatuonyesha matundu kwa vidole, mkono juu ya kichwa. Meza ya kwanza, vitano. Ya pili, vitano. Ya tatu, vitano. Akasimama mbele ya karatasi ya nne. Akaitazama, akaifuta maji, akainua mkono. Vidole vinne.

Banda likaangua kicheko. Mwalimu kukosa karatasi nzima ni kama jogoo kusahau alfajiri. Mimi, na mdomo wangu huu, nikapanda juu ya ngazi ya bendera kabisa ili wote wanione.

"Poleni kwa msiba wa risasi moja," nikasema. "Mara ya mwisho ilionekana ikielekea mawinguni. Marehemu ameacha ndugu wanne na..."

Hapo ndipo ulimi uliponiganda. Nilikuwa nimesema mawinguni, na kichwa changu kikarudi mawinguni chenyewe. Mlio ule wa mwisho, wa thelathini. Mlio wa bunduki ni mkavu, unakatika. Ule ulikuwa na mkia. Uliburuta. Nilikuwa nimeihesabu radi.

Nikamtafuta Mwalimu kwenye benchi. Hakuwepo. Kicheko kilimchoma, naye alikuwa ameshafika mezani, anataka kuangalia kama kioo cha kulengea kimehama. Leso mkono mmoja, mkono mwingine unashuka kwenye bunduki. Na mbele kabisa, kwenye karatasi ya nne, Karatasi alikuwa bado amesimama na vidole vyake vinne hewani, anasubiri nimjibu kwamba nimeona.

Nilipiga filimbi. Mabati yaliimeza. Niliisikia mimi peke yangu.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka kwamba mkono wangu ulitaka kumdaka mkono, nikauona ukienda, na nikauona ukibadilika njiani. Kiganja chote, juu ya bega, kwa uzito. Sikusema neno. Mwalimu akakaa kwenye kiti chake kama mgeni aliyekaribishwa, na vidole vyake vikaiachia bunduki pale pale, mtutu ukiwa bado umeelekea kwenye nyasi.

"Nini, kijana?"

Nikainua mikono yote miwili juu, nikaikunja msalaba, alama ya kusimama. Karatasi aliiona. Akajilaza kwenye matope bila kuuliza, kama alivyofundishwa. Nikafungua komeo la meza ya nne mimi mwenyewe, taratibu, na risasi nzima ikatoka, inang'aa, ikadondoka kwenye ndoo ya maji. Ilitoa kelele ndogo sana.

Mwalimu aliitazama ndoo. "Nilifyatua," akasema. "Bega liliruka. Niliisikia."

"Sote tuliisikia, Mwalimu."

Nikapita meza zote sita na kidole. Cha kweli.

Watu walipoondoka, Mwalimu alinivuta pembeni. "Hakuna aliyeumia. Tulimalize hapa hapa, wewe na mimi. Ukilisema, filimbi huioni tena." Alikuwa ananihurumia, nadhani, na kujihurumia pia.

Nilikwenda kwanza kwa Karatasi, kwenye kibanda cha gundi. Alikuwa anajikamua matope kwenye suruali na kunitania kwamba alama ya msalaba niliipiga kwa madaha. Nikamwambia yote, na yale ya kuinama bila kidole tangu mwezi uliopita.

Akaacha kukamua.

"Nilikuwa mbele ya ile karatasi?"

"Ndiyo."

"Nakuonyesha vidole?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unawachekesha watu."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono, kiganja wazi. Nilidhani anataka tupeane mkono. Kumbe alikuwa anaitaka filimbi.

Jumapili, 13 Aprili

Shangazi nimemwambia nyumbani kwake, yuko jikoni anachambua mchele. Sikuongeza chumvi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua.

"Bega nani alikufundisha?"

"Wewe, Shangazi."

"Na kidole?"

"Wewe."

"Kwa hiyo ulichukua ulichopenda ukaacha ulichochoka nacho."

Nikamwomba anipe nafasi nyingine. Akaweka ungo chini.

"Mimi sina cha kukupa. Filimbi ni ya anayetangulia mbele. Yeye ndiye anayewapa mgongo watu wenye bunduki, kwa hiyo yeye ndiye anayechagua nani amlinde mgongo. Siku Karatasi akikataa kunivisha mimi, nami ninakwenda nyumbani. Umeelewa sasa kwa nini nainama?"

Nimeelewa. Natamani angenijibu siku ile nilipouliza, lakini nisingesikiliza.

Jumatatu, 14 Aprili

Shangazi amerudi kwenye mstari na amewaambia walengaji wote kilichotokea, mbele yangu na mbele ya Mwalimu. Mwalimu hatagusa bunduki mwezi mzima. Mimi nimehamishiwa mbele, kubandika. Karatasi ndiye anayetia vidole, na filimbi bado inalala kwake; mbele mimi ni wa muda tu.

Jumanne, 15 Aprili

Kubandika karatasi ni kazi ya watoto. Nimebandika zote upande.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuna aliyeniambia kuhusu mgongo. Ukisimama kwenye shabaha ukaangalia karatasi, bunduki sita ziko nyuma yako, na mgongo unaota macho. Unajua zimelala. Unajua watu wako kwenye benchi. Mgongo haujui.

Karatasi alikuwa anakuja hapa kila siku, kila raundi, akinitegemea mimi na kuinama kwangu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua haina adabu. Nikiwa nasubiri kijani, nipo pembeni ya banda, naangalia kidole cha Karatasi kinavyoingia meza hadi meza. Meza ya tatu alikitoa upesi kidogo.

"Rudia ya tatu," nikasema.

Akanitazama. "Umesemaje, Redio?"

"Rudia. Polepole."

Akarudia, polepole, huku ananiangalia machoni. Mimi niliyemwita Shangazi konokono, leo namwombea mwenzangu akawie.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepanda paa. Hakuna aliyenituma. Nimefunika tundu la meza ya nne kwa kipande cha bati na lami, kazi safi, fundi yeyote angenionea wivu. Mwalimu alikuja bila bunduki, akanishikia ngazi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ninaambiwa wanafunzi wangu wamepata habari," akasema kutoka chini. "Mmoja kaniuliza darasani, nne kujumlisha radi ni ngapi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia amwulize msimamizi."

"Mimi si msimamizi, Mwalimu."

"Bado," akasema. "Usidondoshe lami kwenye kichwa changu."

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Meza ya nne kavu. Ndoo nimeipeleka kwa Mama, anaotesha mboga ndani yake.

Jumamosi, 3 Mei

Nimerudishwa kwenye vidole, chini ya filimbi ya Shangazi. Karatasi amerudi mbele. Naingiza, nahisi ukingo wa chemba, nahisi utupu, natoa, naenda meza inayofuata. Daktari wa meno kalalamika. Nimemuuliza kama yeye hung'oa meno kwa kusikiliza.

Lakini Karatasi akienda mbele, hugeuka. Hatua chache anageuka, anafika kwenye nyasi ndefu anageuka tena. Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa anakwenda huku anapiga mluzi.

Alhamisi, 8 Mei

Kageuka mara mbili.

Jumatano, 14 Mei

Manyunyu tu. Sasa milio siihesabu tena. Yaani, inajihesabu yenyewe, kipaji ni kipaji, lakini siiamini hata ikifika thelathini. Karatasi kageuka mara moja.

Jumanne, 20 Mei

Jua. Mama amelitandaza godoro nje. Shangazi amehamisha vikombe vyake vya chai kwenda darasani, na hakuna aliyesema mstari ni wa nani. Siulizi. Watu wamenishangaa kwa kutouliza. Mama kanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 24 Mei

Anga imefagiliwa. Nilifika wa kwanza, nikapanga bendera, nikafuta meza. Karatasi akatoka kwenye kibanda na filimbi mkononi. Alinipita, akaenda hadi alipo Shangazi mlangoni. Nikajitia nakaza kamba ya bendera. Nikawasikia wananong'ona, kisha nyayo zikarudi.

"Inama," akasema.

"Nini?"

"Inama, Redio. Wewe mrefu, na mimi sina siku nzima."

Nikainama. Sikuwa na utani wowote mdomoni, naapa, nilitafuta nikakosa.

Shangazi akasema yeye sasa ni mlengaji kama wengine, akakaa meza ya nne chini ya kiraka changu. Mwalimu, siku yake ya kwanza kurudi, akakaa ya tano. Nikainua nyekundu. Shangazi alifyatua zake tano taratibu, akafungua komeo, akalaza bunduki, akarudi nyuma na kukunja mikono. Miaka yote hii kwenye mstari, na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona akilenga.

Nilipita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya nne daktari wa meno akasema, "Hiyo ruka, bwana mdogo. Huyo ndiye aliyeandika sheria."

Nikatia kidole. Nikahisi ukingo. Nikahisi utupu. Sikuharakisha.

"Unanikagua mimi?" Shangazi akauliza nyuma yangu.

"Ndiyo, Shangazi."

"Umekaa sana mezani kwangu."

"Bunduki yako ni chafu," nikasema. "Jioni uisafishe."

Alinikata jicho refu. Kisha akavua miwani yake na kuanza kuifuta, na aliifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

Nikamaliza ya tano na ya sita. Nikapiga filimbi. Hakukuwa na mvua, ilisikika hadi barabarani. Nyekundu ikashuka, kijani kikapanda.

Karatasi akachukua kopo lake la gundi, akaingia kwenye nyasi. Nikamsubiri ageuke zile hatua za mwanzo. Nikamsubiri kwenye nyasi ndefu. Alifika kwenye shabaha, akasimama mbele ya karatasi ya nne, mgongo wake wote ukiwa kwetu, na ndipo nikasikia kwamba njia nzima alikuwa anapiga mluzi.